Kamera ya Nyumbani Haikai Hewani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza kamera za ulinzi majumbani, zaidi Dar es Salaam, mara mojamoja Bagamoyo na Unguja. Simu nyingi ninazopokea huanza kwa maneno yaleyale: "Fundi, kamera imekata." Anayepiga huwa na wasiwasi wa kweli. Ameshazoea kuiona nyumba yake akiwa kazini au safarini, na sasa anaona kiduara kinazunguka tu. Nimeyakusanya hapa maswali ninayoulizwa mara nyingi, na majibu ni yale ninayoyatoa nikiwa juu ya ngazi. Mengi yanahusu kamera za waifai zinazotazamwa kwa simu. Kamera za laini na za waya nimezigusa mbele kidogo.

Fundi, kamera imekata. Nianze na nini?

Kwanza, usiguse kitufe cha riseti. Najua ndicho watu hukimbilia. Riseti hufuta jina la waifai, neno la siri na mipangilio yote uliyoweka, na pamoja nayo hufuta dalili ambazo zingetuonyesha tatizo liko wapi. Nimepanda dari nyingi kuunganisha upya kamera ambazo hazikuwa na kosa lolote. Bando la ruta ndilo lililokuwa limeisha.

Picha ikitoka kwenye kamera hadi kwenye simu yako hupita sehemu tano: umeme unaoilisha kamera, waifai hadi kwenye ruta, intaneti inayotoka nje ya nyumba, seva za kampuni ya kamera (kompyuta zake zinazopokea na kupitisha picha), na mwisho simu yenyewe. Kazi yote ni kujua imekatikia wapi.

Ukiwa nyumbani, unganisha simu na waifai ya nyumba, zima data ya laini, kisha fungua programu ya kamera. Kama picha inakuja ukiwa ndani lakini ukitoka nje haiji, kamera na waifai ni wazima, hivyo mashaka yako yaelekeze kwenye intaneti. Kama haiji hata ukiwa ndani, nenda ukaitazame kamera yenyewe. Haina taa, haina joto ukiigusa, haitoi mlio ukiichomoa na kuichomeka? Huo ni umeme. Taa ipo lakini inamemeta bila kutulia? Mara nyingi inatafuta waifai na haiipati. Rangi za taa hutofautiana kwa kila aina, kwa hiyo kijitabu kilichokuja kwenye boksi usikitupe.

Ukiweza, ingia pia kwenye ukurasa wa ruta. Anwani yake imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Humo kuna orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kamera ikiwemo kwenye orodha, basi umeme na waifai viko sawa, na umeshajiokolea nusu ya kazi.

Mbona inakata usiku tu, na mchana iko vizuri?

Jibu lake karibu kila mara ni umeme, na inaniuma kwa sababu wengi huwa wameshanunua ruta mpya kabla ya kunipigia.

Jua likizama, huku kwetu kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, kamera huwasha taa zake za infraredi ili ione gizani. Macho yetu hayazioni, au huona vidoti vyekundu vya mbali tu, lakini taa hizo zinakula umeme. Adapta iliyochoka, ambayo mchana ilimudu, sasa inazidiwa. Volti zinashuka, kamera inazima. Ikizima mzigo unaondoka, volti zinapanda, kamera inajiwasha, taa za usiku zinawaka, inazima tena. Inaweza kukesha hivyo hadi alfajiri. Kwenye simu wewe unaandikiwa tu kwamba kamera haipo hewani, na unailaumu waifai.

Mkosaji mkubwa ni waya. Kamera nyingi ndogo hutumia volti 5 kupitia waya wa USB. Waya uliokuja nao una urefu wa mita moja hadi tatu, na mtu anataka kuifunga kamera pembe ya nyumba, basi anaunga waya mwembamba wa mita 10. Kamera ikivuta nusu ampea tu, waya wa namna hiyo unaweza kupoteza volti moja hadi mbili njiani. Kwenye mfumo wa volti 230 huwezi kuona tofauti. Kwenye volti 5 kamera inabaki na njaa. Dawa si kuongeza urefu wa USB bali kusogeza soketi: fundi umeme apeleke umeme wa kawaida karibu na kamera, adapta ikae hapo ndani ya kiboksi kisichoingia maji. Au nunua kamera ya volti 12, ambayo huvumilia urefu zaidi, na utumie waya mnene wa shaba.

Kipimo cha bure: ingia kwenye mipangilio ya kamera, zima uoni wa usiku, uiache usiku mmoja. Ikikaa hewani mpaka asubuhi, umepata jibu. Adapta mpya iwe na volti zilezile zilizoandikwa kwenye kamera. Ampea zinaweza kuzidi, hazina madhara. Volti zisizidi hata kidogo.

Simu yangu inashika waifai vizuri pale pale kwenye kamera. Kwa nini kamera isishike?

Simu ina antena nzuri kuliko kamera ya bei ya kawaida, na wewe unapoipima umeishika mkononi, mbali na ukuta. Kamera imebandikwa ukutani, pengine chini ya bati, na nyuma yake kuna grili ya dirisha. Mistari ya waifai kwenye simu pia haisemi mengi.

Pakua programu ya kupima nguvu ya waifai; za Android ziko nyingi za bure. Itakuonyesha namba hasi kwa kipimo cha dBm, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kwenye −50 huna shida. Kwenye −65 kamera itafanya kazi. Ikifika −75 itakatakata, hasa mvua ikinyesha au watu wakijaa sebuleni, na chini ya −80 usiihangaikie, hamisha kitu.

Kinachozuia mawimbi kwenye nyumba zetu ni zege lenye nondo, mabati, milango ya chuma na matangi ya maji. Tofali la kawaida hupunguza, ila halizuii kabisa. Slabu ya ghorofa ni balaa: ruta iko chini, kamera iko juu, umbali ni mita nne tu na bado haishiki. Mji Mkongwe wa Unguja ni hadithi nyingine. Zile kuta nene za mawe na chokaa humeza mawimbi kiasi kwamba huko sijaribu tena waifai ya kupita vyumba viwili, navuta waya.

Kabla ya kununua chochote, hamisha ruta. Majumbani mwetu ruta hukaa nyuma ya televisheni, au sakafuni ndani ya kabati, kwa sababu ndipo soketi ilipo. Ipandishe juu, iweke upande wa nyumba ulio karibu na kamera, isiwe karibu na maikrowevu. Nimeshaona kamera ikitoka −78 hadi −64 kwa kuitoa ruta nyuma ya runinga na kuiweka juu ya kabati la vitabu.

Ikishindikana ndipo ufikirie kirudia mawimbi. Kosa la kila siku ni kukichomeka pale pale kamera ilipo. Pale mawimbi ni hafifu, na kirudia mawimbi hakiwezi kurudia kwa nguvu kitu ambacho hakikisikii. Kiweke katikati ya safari.

Ruta ina waifai mbili, moja imeandikwa 5G mwishoni. Niunganishe ipi?

Ile isiyo na 5G. Hiyo 5G ya ruta ni masafa ya gigahezi 5, haina uhusiano na 5G ya simu. Kamera nyingi za nyumbani husoma gigahezi 2.4 peke yake, na ni vizuri iwe hivyo, kwa sababu 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi. Ruta mpya huunganisha masafa yote mawili chini ya jina moja, na hapo kamera huchanganyikiwa wakati wa kuiunganisha. Ingia kwenye ruta uzitenganishe, zipe majina mawili tofauti.

Ukiwa humo, angalia pia chaneli, yaani vijia ambavyo masafa hayo yamegawanywa. Kwenye 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Kama unakaa kwenye majengo ya kupanga yenye ruta kila mlango, chagua ile isiyo na msongamano badala ya kuiachia ruta ijichagulie. Chaneli 12 na 13 ziepuke. Kuna kamera ambazo hazizioni kabisa, na siku ruta ikiamua kuhamia 13 utaamka kamera imepotea bila mtu kugusa kitu.

Nimebadilisha neno la siri la waifai (au ruta yote). Lazima niunganishe kamera upya?

Ndiyo, isipokuwa ukiipa ruta mpya jina lilelile na neno la siri lilelile, herufi kwa herufi, kubwa na ndogo. Ukifanya hivyo kamera hazitajua kama umebadilisha ruta. Kwa mwenye kamera sita juu ya ukuta, hii ni siku nzima ya kazi imeokolewa. Kama bado hazishiki, tazama aina ya ulinzi wa waifai: ruta mpya huenda imewekwa WPA3 tupu, na kamera za zamani zinajua WPA2 tu.

Umeme ukikatika na kurudi, kamera hairudi mpaka niichomoe na kuichomeka. Kwa nini?

Umeme ukirudi, kamera huwaka haraka. Ruta, hasa ikiwa na kifaa cha faiba mbele yake, huchukua dakika mbili tatu mpaka iwe na intaneti. Kamera nzuri huendelea kujaribu. Nyingine hujaribu mara chache, hukata tamaa na kukaa kimya. Kuna pia zile ambazo zikirudi hupewa na ruta anwani (namba ya kuitambulisha kwenye mtandao wa nyumba) tofauti na ya jana, au hugongana na kifaa kingine chenye anwani hiyohiyo. Hilo la pili linatibika: kwenye ruta, itengee kila kamera anwani yake ya kudumu. Inachukua dakika tano na matatizo mengi ya kupotea kusikoeleweka huisha hapo.

La kwanza dawa yake ni ruta isizime. Ruta nyingi hutumia volti 9 au 12, na kuna betri ndogo za UPS zilizotengenezwa kwa ajili yake, zenye kutoa volti hizohizo. Soma nyuma ya ruta kabla ya kununua. Ruta ikiwa na betri yake na kamera ikawa na ya kwake, umeme utakatika na wewe utaendelea kuona nyumba. Kwa mtu mwenye bajeti ndogo, ningemwambia aanze na betri hii kabla ya kuongeza kamera ya pili.

Umeme unaporudi kwa kishindo huua adapta pia. Weka kifaa cha kulinda umeme, kile tunachokifunga kwenye friji, na kwenye ruta pia.

Kamera inakula bando kiasi gani?

Hapa watu huumia sana, kwa hiyo nitapiga hesabu wazi. Kamera ya 1080p hutuma takriban megabiti 1 hadi 2 kwa sekunde, ikitegemea imebanwa kwa H.265 au H.264, njia mbili za kubana video. Megabiti 1 kwa sekunde ikienda saa nzima ni MB 450. Siku nzima ni karibu GB 10.8. Ikiwa ni megabiti 2, ni zaidi ya GB 21 kwa siku, kamera moja.

Ila kamera haitumi picha muda wote isipokuwa umeiweka hivyo. Kamera inayorekodi kwenye memori kadi na kutuma nje pale tu unapoifungua, au inapoona mtu, hutumia sehemu ndogo sana ya hapo. Kwa hiyo kama ruta yako ni ya kifurushi chenye kikomo, usichague kurekodi mfululizo kwenye seva za kampuni. Rekodi kwenye kadi. Unapotazama kwa simu, chagua ubora wa chini. Kwenye kioo kidogo hutaona tofauti kubwa.

Jambo moja wauza intaneti hawalisisitizi: kasi wanayoitangaza ni ya kushusha. Kamera inapandisha. Kifurushi cha megabiti 20 kinaweza kuwa na megabiti 2 au 3 tu za kupandisha, na kamera nne za megabiti 2 zinahitaji 8. Pima kasi kwa simu na usome ile namba ya pili.

Intaneti ipo, nafungua kila kitu, lakini kamera zote zimepotea kwa pamoja. Nini kimetokea?

Kamera zote zikipotea dakika ileile, zisitiliwe shaka zenyewe. Ama ruta imewaka upya, ama seva za kampuni zina hitilafu, ama njia ya kuzifikia imeharibika. Picha ya geti lako la Mbezi inaweza kuzunguka hadi seva iliyoko bara jingine kabla ya kurudi kwenye simu iliyoko Posta.

Tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwenye njia kati ya Afrika Mashariki na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi jirani. Nilipigiwa simu nyingi kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Kamera zilikuwa nzima. Waliokuwa na memori kadi ndani walikuja kutazama rekodi zao baadaye, hazikupotea hata dakika moja. Waliotegemea seva peke yake walikuwa na pengo. Tangu siku hiyo sifungi kamera bila kadi, hata mteja akisema haitaki.

Kwa kamera ya laini ya simu?

Matatizo yake ni machache na yanajirudia. Bando la siku limeisha usiku wa manane na kamera ikazima nalo: nunua la mwezi. Laini ina PIN: iweke kwenye simu uiondoe PIN, kwa sababu kamera haina mahali pa kuiandikia. Laini haijasajiliwa sawasawa kwa alama za vidole na imefungiwa. Mwisho, masafa: kamera iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine huenda haina masafa ya 4G ya mtandao unaoutumia. Kabla ya kufunga shambani, simama pale pale na simu yenye laini ileile upime kasi. Mitandao haifanani kijiji kwa kijiji.

Zile za betri na paneli ya sola hulala makusudi ili kutunza chaji, na huamka zikihisi mtu. Kuchelewa sekunde kadhaa unapozifungua si ugonjwa. Zikianza kupotea kabisa alfajiri, panda ukapanguse vumbi kwenye paneli.

Zangu ni za waya, zinaingia kwenye DVR (kile kiboksi cha kurekodi). Mbona nazo hupotea?

Kama picha ipo kwenye runinga iliyounganishwa na DVR lakini haipo kwenye simu, rudi kwenye intaneti: waya unaotoka DVR kwenda ruta, anwani, au bando. Kama kamera moja imekuwa nyeusi hata kwenye runinga, ni koneta au umeme wake. Ibadilishe nafasi na kamera iliyo nzima. Tatizo likihama na kamera, kamera ni mbovu, likibaki kwenye tundu, ni waya au DVR.

Kwa kamera za PoE, zinazopata umeme na mtandao kwenye waya mmoja, kikomo ni mita 100. Na waya uwe wa shaba tupu. Sokoni umejaa waya wa alumini uliopakwa shaba juu, ni rahisi na ni mwepesi mkononi. Kwa mita 15 utakudanganya kwamba ni mzima. Kwa mita 60 kamera itazima kila jioni, kwa sababu ileile niliyoieleza ya taa za usiku. Kwaruza ncha kwa kisu: ikionekana nyeupe ndani, urudishe dukani.

Fundi mmoja aliniambia nifungue "port", yaani njia ya kuingilia kutoka kwenye intaneti, kwenye ruta ili nione nikiwa nje. Nifanye?

Usifanye. Kwanza mara nyingi haitafanya kazi, kwa sababu mitandao ya simu na baadhi ya kampuni za faiba huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa hiyo ruta yako haifikiki moja kwa moja. Pili, pale inapofanya kazi, umefungua mlango kwa dunia nzima. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na DVR nyingi mno kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, ya aina ya admin na 12345. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vya namna hiyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa zikiwemo Twitter na Netflix zikashindwa kufikika kwa saa kadhaa.

Hili linahusu swali letu, kwa sababu kamera iliyotekwa hukatakata pia: inatumwa kazi za watu wengine na haina nafasi ya kukutumikia. Badilisha neno la siri la kiwandani siku ya kwanza, weka toleo jipya la programu yake linapotoka, na umeme usikatwe wakati inajisasisha.

Rekodi za saa fulani hazipo kabisa. Zimefutwa?

Angalia saa ya kamera kwanza. Kamera iliyotoka China ikiwa bado iko kwenye saa za huko, GMT+8, iko mbele yetu kwa saa tano. Tukio la saa 2 usiku utalikuta limeandikwa saa 7 usiku ya siku inayofuata. Weka GMT+3. Saa ikikosewa sana, kamera nyingine hukataliwa hata na seva.

Kama saa iko sawa, shuku memori kadi. Kadi za kawaida hazikutengenezwa kuandikwa usiku na mchana, na ikichoka huifanya kamera ijiwashe upya kila mara. Itoe, uiache kamera siku moja bila kadi. Ikitulia, nunua iliyoandikwa kuwa ni ya kamera za ulinzi. Kadi bandia ziko tele. GB 256 kwa bei ya chai haipo.

Kamera iko hewani, ila simu hainiletei arifa.

Hapo kamera haina kosa. Simu nyingi hulaza programu ili kutunza chaji. Nenda kwenye mipangilio ya betri, iruhusu programu ya kamera ifanye kazi bila kizuizi. Na kama arifa zilikuwa nyingi ukazizima, kafute utando wa buibui mbele ya lenzi. Buibui hupenda joto la kamera, wadudu hufuata mwanga, mjusi hufuata wadudu, na kila mmoja wao kamera humwona kama mtu.

Ndugu ameniletea kamera kutoka Marekani. Itafanya kazi?

Soma adapta. Ikiandikwa 100–240V, badilisha plagi tu. Ikiandikwa 120V peke yake, usiichomeke, itaungua. Baadhi ya kamera pia huhusisha akaunti na eneo, kwa hiyo jisajili upya ukichagua nchi uliyopo, asikusajilie yeye kule.

Mvua ikinyesha inapotea, jua likitoka inarudi.

Maji yameingia kwenye koneta, ile inayoning'inia nyuma ya kamera. Mwili wa kamera huwa umezibwa vizuri. Koneta ndiyo huachwa wazi. Iingize kwenye kiboksi, na waya uufanyie kitanzi kinachoshuka chini kabla ya kuingia ukutani ili maji yadondokee hapo. Kwa walio karibu na bahari, Kigamboni, Msasani, Nungwi, hata bila mvua chumvi ya hewani huota ukijani kwenye shaba. Kila kabla ya masika fungua, safisha, paka grisi, funga.

Mwizi akizima umeme nje?

Mita na swichi kuu kwenye nyumba nyingi ziko ukutani nje, na wezi wanalijua hilo. Kamera yenye betri, ruta yenye betri, na kadi ndani ya kamera ndiyo kinga ya kwanza. Kadi nayo inaweza kuondoka na kamera, kwa hiyo kamera mbili zitazamane: anayeifikia moja aonekane na ya pili.

Ninaishi Muscat, kamera iko kwa mama Unguja. Ikikata namwelekezaje kwa simu?

Swali hili hunijia kila mara, kutoka Oman, kutoka Uingereza, na nalijibu kwa uangalifu kwa sababu anayetumwa ni mtu mzima. Mama asipande ngazi wala kiti. Panga kabla hujasafiri: adapta ya kamera na ruta zote ziishie kwenye ekstensheni moja yenye swichi, iwe juu ya meza mahali anapofika, na swichi uibandike utepe mwekundu. Kamera ikikata, kwanza mpigie umsalimu, umuulize kama umeme upo. Kama upo, mwombe azime swichi ya utepe mwekundu, akae, mzungumze dakika moja nzima, kisha awashe. Ruta ikimaliza kuwaka baada ya dakika tatu, tazama kwenye programu.

Isiporudi, wewe kutoka huko mnunulie bando kwa namba ya laini ya ruta, ambayo unapaswa kuwa umeiandika kabla hujaondoka. Bado? Mtafute kijana wa jirani anayefahamika na mama, aingie naye yeye akiwepo, akutumie picha za taa za ruta na za kamera. Picha hizo mbili zinanitosha kumwambia mtu abebe nini kabla hajaenda.